Chura wa Kihansi: mizani iliyochelewa kuletwa sokoni

Chura mwenyewe anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba bila kubanana. Dume hafiki sentimita 2, na jike, hata akiwa na mimba, hafiki 3. Rangi yake ni manjano iliyokolea, kama embe dodo lililoiva. Hatagi mayai. Watoto hukua tumboni, na ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba kiasi kwamba ukimgeuza chali penye mwanga unawaona wamejipanga ndani kama mbegu za papai. Wakizaliwa wana urefu wa milimita 5 hivi, tayari ni vyura kamili, hawakupitia uluwiluwi majini. Dunia yao yote ilikuwa majani na mawe yaliyolowa chini ya maporomoko ya Mto Kihansi, kwenye ngema ya milima ya Udzungwa, eneo la hekta 2 tu. Hazifiki viwanja vitatu vya mpira. Hakuna mahali pengine duniani alipowahi kuonekana.

Aligunduliwa Desemba 1996. Ujenzi wa mradi wa umeme juu ya maporomoko hayo hayo ulikuwa umeanza mwaka 1994.

Tarehe hizo mbili ndizo kisa chenyewe. Mengine yote, kuanzia mabomba ya kunyunyizia hadi safari ya New York, mkopo wa pili na sheria ya 2004, yametokana na kupishana kwake. Tanzania tumezoea kukisimulia kisa hiki kama ugomvi: chura au umeme, chagua. Nimekisoma kwa miaka na nimefika mahali pa kusema kwamba ugomvi huo, kwa sehemu kubwa, haukuwepo. Kilichokuwepo ni swali lililoulizwa baada ya saruji kukauka.

Kwa nini Kihansi

Aliyeishi mjini miaka ya 1990 anakumbuka mgao. Vibatari vilirudi mezani, mafuta ya taa yakapanda bei, mwenye mashine ya kusaga akawa anawaambia wateja waje usiku wa manane. Gridi ya taifa ilitegemea maji, na sehemu kubwa ya maji hayo yalikuwa ya mto mmoja, Ruaha Mkuu, wenye Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204). Mvua ikikosekana kwenye bonde la Ruaha, vituo vyote viwili vinapungukiwa kwa pamoja. Mayai yote kwenye kikapu kimoja, na kikapu kinavuja.

Mto Kihansi ulikuwa jibu ambalo mhandisi yeyote angelitamani. Unatoka kwenye nyanda za juu zenye misitu na mvua nyingi, kwa hiyo haukauki kirahisi kiangazi. Kisha, katika umbali mfupi sana, unaporomoka kuelekea bonde la Kilombero kwa mita 850 hivi. Ukiwa na anguko la namna hiyo huhitaji bwawa kubwa. Ukuta wa mita 25 ulitosha. Kazi yake ni kugeuza njia ya maji tu, yaingie kwenye handaki, yashuke ndani ya mlima hadi kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi. Mitambo 3, kila mmoja megawati 60, jumla 180. Benki ya Dunia ilikopesha, na Norway, Sweden, Ujerumani na benki ya uwekezaji ya Ulaya nazo zikachangia. Mradi wote uligharimu zaidi ya dola milioni 200.

Ukiupima kwa vigezo vya siku zile, huu ulikuwa mradi safi. Bwawa dogo, ardhi kidogo iliyofunikwa na maji, vijiji havikuhamishwa kwa maelfu kama ilivyotokea kwingine Afrika, umeme mwingi, moshi hakuna. Tathmini za awali zilitazama mambo hayo na kuona kwamba athari ni ndogo. Korongo lenyewe, lenye kuta za mwinuko, utelezi na kelele za maji, halikuchunguzwa kwa makini. Nani angeingia mule kutafuta nini?

Lakini anguko lililowavutia wahandisi ndilo lililomtengeneza chura. Maji yakipiga mwamba kutoka juu hutoa manyunyu, na manyunyu hayo, usiku na mchana, masika na kiangazi, ndiyo yaliyoweka bustani ile ya hekta 2 katika ubaridi na unyevu usiobadilika kwa maelfu ya miaka. Hata jina la kisayansi limechukuliwa humo: *Nectophrynoides asperginis*, na hilo neno la pili ni la Kilatini, maana yake manyunyu. Mashine na chura walikuwa wanakula kwenye sahani moja.

Sheria zilizokuwepo siku zile

Hapa wasomaji wengi hudhani kwamba serikali ilivunja sheria. Tuangalie ilikuwepo sheria gani ya kuvunjwa.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilianzishwa kwa sheria ya 1983. Lilikuwa na kazi ya kushauri. Kushauri ni jambo jema, ila mshauri hana kufuli. Hakukuwa na sheria ya nchi iliyomtaka mwekezaji afanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuchimba msingi. Sera ya Taifa ya Mazingira ilikuja 1997, mradi ukiwa katikati. Maji yalisimamiwa na sheria ya 1974, iliyojua kugawa haki ya kutumia maji kati ya mkulima, kiwanda na mji. Mto wenyewe haukuhesabiwa kuwa mtumiaji. Sheria ya wanyamapori, nayo ya 1974, iliandikwa ikiwa na tembo, nyati na leseni za uwindaji kichwani. Chura wa sentimita 2 hawindwi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai mwaka 1996, mwaka huo huo chura alipoonekana. Mkataba unazitaka nchi zitathmini miradi yenye kuweza kudhuru viumbe, ila nao ulifika wakati mashine za kuchimba handaki ziko kazini. Cha kuchekesha kidogo ni kwamba mkataba uliomshika chura huyu barabara ulikuwa ule wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Jenasi yake yote, yaani yeye na ndugu zake wa karibu, ilikuwa imeorodheshwa katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye ulinzi mkali zaidi, tangu 1975. Kwa hiyo alizaliwa kisayansi akiwa tayari amelindwa asiuzwe nje, wakati hakuna aliyetaka kumuuza. Kumkaushia nyumba yake hakukuguswa na kifungu hata kimoja.

Kilichobaki kama sheria yenye meno ni masharti ya wakopeshaji. Ndiyo yaliyofanya ufuatiliaji wa ikolojia uendelee wakati wa ujenzi, na katika ufuatiliaji huo timu ya watafiti, akiwemo Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikakutana na chura. Yaani mradi uliomhatarisha ndio uliogharimia kumgundua. Bila mradi huenda angekuwepo hadi leo bila jina, na huenda pia angetoweka bila jina. Kisa hiki hakimpi mtu yeyote raha ya kuwa na haki yote.

Ila nchi isiyo na sheria yake ikategemea masharti ya mkopeshaji ina tatizo la ziada: inazoea kuyaona mazingira kama sharti la mgeni. Hilo liliumiza baadaye, chura alipoanza kugharimu fedha. Barazani alionekana chura wa wazungu.

Hesabu ya maji

Mjadala wa "kusawazisha uhifadhi na maendeleo" kwa kawaida hufanywa kwa maneno makubwa. Kihansi ina uzuri wake: unaweza kuuweka kwenye karatasi.

Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Ikianguka mita 850 kila sekunde, baada ya kutoa kinachopotea kwenye mabomba na mitambo, inatoa takribani megawati 7.5. Wastani wa mto ni mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde. Mitambo mitatu ikizunguka kwa nguvu zote inahitaji zaidi ya hizo, kama 24. Kwa hiyo kila ndoo unayoiacha ipite korongoni ni ndoo iliyotolewa mezani kwa TANESCO, shirika la umeme la taifa.

Baada ya mabishano marefu kilichokubaliwa ni kuacha kati ya mita za ujazo 1.5 na 2 kwa sekunde zipite kwenye njia yake ya zamani. Piga hesabu: megawati 11 hadi 15. Ukilinganisha na 180 ni asilimia 6 hadi 8. Msimu wa mafuriko hupotezi kitu, maana maji yanayozidi uwezo wa mitambo yangemwagika tu. Kiangazi, mto ukinywea, ndipo kila lita inapouma.

Hizo megawati zinatosha mji wa kiasi chake, na anayezidharau hajawahi kukaa kwenye zahanati yenye friji ya chanjo iliyozimika. Lakini si mradi mzima. Hakuna hata hatua moja katika kisa hiki ambapo mtu mwenye hoja ya maana alisema mitambo isizungushwe kabisa. Kila aliyesema "chura au umeme" alikuwa anabishana na mtu ambaye hayupo.

Tatizo ni kwamba mita hizo 1.5 au 2 hazikutosha kutengeneza manyunyu. Mto wenye nguvu ya 16 ulipiga mwamba ukatoa wingu; mto wa 2 unateleza mwambani kama maji ya bomba lililoachwa wazi. Kurudisha manyunyu ya asili kungedai sehemu kubwa ya mto, na hapo ndipo ungekuwa umeshika shingo ya mradi. Sheria peke yake, kwa kugawa maji tu, isingeweza kuwatosheleza wote wawili. Ilihitajika akili ya kutengeneza wingu kwa maji machache.

Wakaitengeneza. Maji yalichukuliwa juu zaidi mtoni, yakashushwa kwa mabomba kwa nguvu ya mwinuko bila pampu, yakatokea kwenye vinyunyizio vyenye matundu madogo yaliyotandazwa juu ya maeneo ya chura. Ukitaka kuona ubunifu unaosukumwa na masharti ya uhifadhi, ndio huo: kisichoweza kugawanywa kwa kibali kikagawanywa kwa fundi bomba. Naweka mkazo hapa kwa sababu wapo wanaodai kwamba kanuni za mazingira huua ubunifu. Kihansi bila shinikizo hakuna ambaye angehangaika kubuni chochote. Angefungulia maji handakini, basi.

Ila vinyunyizio vilichelewa. Mitambo ilianza kufanya kazi mwishoni mwa 1999, na mradi ukazinduliwa 2000. Mto ndani ya korongo ukapungua kwa takribani asilimia 90. Mabomba ya kunyunyizia hayakuwa tayari.

Miaka minne

Kwa miezi hiyo katikati, bustani ya manyunyu ilikauka. Majani laini yaliyozoea kulowa saa 24 yakafa, magugu ya nchi kavu yakaingia. Vyura waliokuwa wametawanyika wakajikusanya kwenye vipande vichache vilivyobaki na unyevu.

Mwishoni mwa 2000 watafiti waliona hatari ikaribia na wakawakusanya vyura 499, wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Baadaye wakagawanywa kwenye bustani nyingine kadhaa za Marekani, ikiwemo ya Toledo, Ohio. Kule nako wakaanza kufa. Minyoo ya mapafu, chakula kisichofaa, taa zisizo na mionzi waliyoizoea. Mtu anayejua kufuga simba hajui kufuga kiumbe ambaye hadi miaka minne iliyopita hakuwa na jina. Kufikia 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70 katika bustani zote.

Korongoni, kwa upande mwingine, mambo yalianza kutengemaa. Vinyunyizio vilipoanza kufanya kazi vizuri majani yakarudi, na vyura nao. Katikati ya 2003 makadirio yalifika karibu 20,000. Kwa muda mfupi ilionekana fundi bomba ameshinda.

Kisha, ndani ya miezi michache, wakaporomoka. Januari 2004 waliotafutwa korongoni na kuonekana kwa macho walikuwa watatu. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Nini kiliwaua? Hapa kisa kinakataa kuwa rahisi. Mizoga iliyopimwa ilikutwa na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu aina ya kitridi, uleule ulioangamiza vyura kuanzia Australia hadi Amerika ya Kati. Kiswahili kina neno moja kwa wingu la maji na kwa uozo unaoota kwenye mkate: ukungu. Ukungu uliwalea, na ukungu wa aina nyingine ukawamaliza. Wakati huohuo mfumo wa kunyunyizia ulikuwa umeharibika kiangazi hicho, na milango ya bwawa ilikuwa imefunguliwa kwa muda kusafisha tope, tope lililobeba viuatilifu vya mashamba ya mahindi ya huko juu. Mambo matatu kwa mpigo. Kuvu anachukuliwa kuwa muuaji mkuu, na inawezekana kabisa aliingia korongoni kwenye viatu vya watu waliokwenda kusaidia. Siku hizi anayeingia kule lazima asafishe viatu kwa dawa.

Msomaji makini ataniuliza: basi, kama ni kuvu, bwawa lina kosa gani? Angekufa tu. Labda. Swali hilo haliwezi kufungwa, na asiyetaka kuwajibika atalipenda sana. Mimi naliangalia hivi. Kiumbe mwenye hekta 2, aliyekaushwa miezi mingi, akarudishwa kwa mabomba yanayoziba, akamiminiwa tope lenye sumu, hana pa kukimbilia ugonjwa ukija. Mgonjwa aliyelazwa wodini akifa kwa homa ya mapafu, daktari haandiki kwamba kilichompeleka wodini hakikuhusika.

Samaki wa Tennessee

Wamarekani walipitia kisa kinachofanana miaka ishirini kabla, na matokeo yake yanasaidia kuona chetu vizuri. Bwawa la Tellico kwenye Mto Little Tennessee lilikuwa tayari linajengwa pale alipogunduliwa samaki mwenye urefu wa kidole. Wao walikuwa na sheria, Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya 1973, yenye maneno makali. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikasimamisha bwawa: Bunge limesema viumbe hawa walindwe, na halikuandika "isipokuwa gharama ikiwa kubwa".

Bunge likashtuka, likaunda kamati ya wakubwa yenye mamlaka ya kutoa msamaha. Kamati ikakaa 1979, ikapima, na ikakataa kwa kauli moja, kwa sababu bwawa lenyewe halikuwa na faida hata kuhesabu kipande kilichobaki tu. Baadaye wabunge wakapenyeza msamaha ndani ya muswada wa bajeti, Rais Carter akasaini, bwawa likajaa. Samaki akahamishiwa mito mingine, akapatikana pia kwingineko, na 2022 akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini.

Wenzetu walikuwa na sheria kali mno isiyo na nafasi ya kupima, na walipopima kwa dhati wakakuta mradi ni mbovu. Sisi tulikuwa na mradi mzuri na hatukuwa na sheria ya kupima. Kinachofanana ni kuchelewa. Pande zote mbili za bahari, kiumbe alifika mezani baada ya fedha kumwagwa, na fedha iliyokwisha kumwagwa ina sauti kubwa kuliko hoja yoyote.

Fikiria Kihansi ingeulizwa swali hilo 1990. Njia ya maji ya kupita pembeni ingechorwa tangu mwanzo na umeme wake kukatwa kwenye hesabu za mkopo. Vinyunyizio vingefungwa na kujaribiwa mwaka mzima kabla ya handaki kufunguliwa. Vyura wangefugwa taratibu Dar es Salaam, sio kubebwa mbio kama majeruhi. Utaratibu wa kusafisha tope bwawani ungeandikwa kwa kujua nani anaishi chini. Hakuna hata moja ya hayo ambalo lingezuia megawati 165.

Badala yake, mwaka 2001 nchi ilichukua mkopo nafuu mwingine wa takribani dola milioni 6 kwa ajili ya mradi wa usimamizi wa mazingira wa Kihansi. Ukilinganisha na gharama ya bwawa ni fedha kidogo. Ukilinganisha na bajeti ya wizara ya mazingira ya wakati ule, ni kubwa, na watu walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini tukope kwa ajili ya chura.

Kilichobaki kwenye vitabu vya sheria

Mradi huo wa pili ulilipa kwa namna ambayo haizungumzwi. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kusaidia nchi kupata sheria ya mazingira, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina alama za Kihansi kila mahali kwa anayejua kuzitafuta. Kifungu cha 81 kinataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi kuanza, na NEMC safari hii ina kazi zaidi ya kushauri. Kanuni za tathmini na ukaguzi zikafuata 2005. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo ikaweka akiba ya maji kwa ajili ya mazingira: mto ukawa mmoja wa watumiaji wa maji yake mwenyewe. Mwanasheria anayeandika leo sharti la kuacha kiasi fulani cha maji kipite chini ya banio la umwagiliaji huko Mbeya anamlipa chura deni, hata kama hamjui.

Je, sheria hii ingemwona chura? Sina uhakika wa kujigamba nao. Tathmini nyingi zinafanywa na mshauri anayelipwa na mwenye mradi, kwa wiki chache, msimu mmoja wa mwaka, kwa gari lenye uwezo wa kufika barabara inapoishia. Korongo la Kihansi halikuwa barabarani. Sheria inaweza kudai ripoti. Haiwezi kumfanya mtu ateremke kwenye utelezi na tochi usiku wa masika. Kama ningeulizwa kipi kirekebishwe kwanza, ningeanzia hapo, kwenye muda na fedha za kazi ya uwandani, kabla ya kuongeza kifungu kingine chochote. Mwekezaji anachokiogopa zaidi ni mshangao wa katikati ya safari. Mwaka mmoja wa kuchunguza mapema ni wa bei nafuu kuliko mwaka mmoja wa mashine zilizosimama, na hilo ni la kiuchumi kabla halijawa la kimazingira.

Na korongo halikuwa na chura peke yake. Mwaka 2004, mwaka ule ule vyura walipokwisha, ilielezwa kisayansi aina mpya ya mbuni, mti wa kahawa, wa porini kutoka humo humo: *Coffea kihansiensis*. Nchi inayouza kahawa nje, ambayo wakulima wake wanapambana na chulebuni na kutu ya majani mwaka hadi mwaka, ilikuwa na ndugu wa mbuni ambaye hakuna aliyejua yupo. Sijui ana faida gani kwa mkulima wa Mbinga, pengine hana. Lakini wale wanaoweka uvumbuzi upande mmoja wa mizani na viumbe upande wa pili wangefika mahali kama hapa wakajikuta hawajui kahawa waipange wapi.

Sasa hivi

Bronx na Toledo hatimaye walijifunza. Taa zikabadilishwa, chakula kikapatikana, vyura wakazaliana hadi kufika maelfu. Agosti 2010 vyura 100 walirudi kwa ndege hadi Dar es Salaam, kwenye chumba maalumu Chuo Kikuu, wakitunzwa na Watanzania waliokwenda kufundishwa kazi hiyo. Mwishoni mwa 2012 kundi la kwanza la takribani 2,000 likarudishwa korongoni, na mengine yakafuata. Ni mara chache sana duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Kuvu bado yupo, na kwenye orodha ya IUCN chura bado amewekwa miongoni mwa waliotoweka porini, kwa kuwa kuachiwa korongoni ni jambo moja, kujitegemea vizazi kwa vizazi ni lingine.

Mitambo nayo inazunguka. Maji yakitoka chini ya mlima yanarudi mtoni, yanaingia Kilombero, kisha Rufiji, na siku hizi yanakutana na ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115. Tone lile lile linatoa umeme mara mbili kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Ukizilinganisha na hilo bwawa jipya, megawati 15 za chura ni chini ya asilimia moja.

Tone linalopita kwenye vinyunyizio halikosi safari hiyo ya pili. Linachelewa tu: linashuka kwa bomba, linatoka kwenye tundu dogo kama vumbi la maji, linatua juu ya jani, linateleza hadi mtoni. Tundu hilo huziba kwa mchanga na majani, na likiziba sehemu yake hukauka. Kwa hiyo kazi ya kila siku korongoni, zaidi ya miaka ishirini sasa, ni ya mtu aliyevaa viatu vilivyolowekwa dawa, akitembea kando ya bomba, akifungua vichwa kimoja kimoja, akivisafisha, akivirudisha.